WANAFUNZI WA ZAMANI NA NYUMBA YA WADOGO ZAO: HABARI KUTOKA VYUO VYA MAREKANI

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani wa sekondari ya kambi mbele ya Kamati, walimu na wazazi, siku ya kumbukumbu ya shule)



Katibu aliponiandikia alinipa kichwa cha mazungumzo kikiwa tayari: nieleze jinsi wanafunzi wa zamani wa vyuo vya Marekani wanavyokusanya fedha na kuwajengea wadogo zao nyumba. Sababu yake tunaijua sote. Wenzetu waliomaliza hapa na kupelekwa Marekani, Canada na Australia wameandika kwamba wako tayari kuchanga ili wanafunzi wa madarasa ya juu, hasa wasichana, wapate nyumba ya kulala na kusomea usiku karibu na shule. Kamati bado haijaijibu barua hiyo. Inataka kwanza kujua wengine wamefanyaje. Mimi nimekuwa mpishi katika nyumba ya wanafunzi ya namna hiyo kwa miaka sita, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasoma.

Katika vyuo vikuu vya Marekani kuna vyama vya wanafunzi vinavyoitwa fratiniti, maana yake udugu. Vya wasichana huitwa sororiti. Majina yao ni herufi za Kigiriki, mbili au tatu. Kila chuo chama kina tawi lake, na tawi likiwa na uwezo lina nyumba yake, ambamo wanachama hulala, hula, husoma na, nisiwafiche, hucheza ngoma mpaka alfajiri. Mtu akiingia chamani ameingia kwa maisha yake yote. Akimaliza masomo haagwi. Anabadilika tu kutoka ndugu mdogo kuwa ndugu mkubwa. Naomba hilo mlishike, kwa sababu bila hilo fedha zote nitakazozitaja zisingepatikana.

Vyama hivi ni vya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Chama cha kwanza chenye jina la Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William and Mary huko Virginia, ingawa baadaye kiligeuka kuwa chama cha heshima kwa waliofaulu sana. Vyama vya udugu kama vilivyo sasa vilianza katika chuo cha Union, mji wa Schenectady, mwaka 1825 na 1827. Mwanzoni havikuwa na nyumba, watu walikutana vyumbani mwao. Nyumba inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ni kibanda cha magogo ambacho vijana wa Chi Psi walijenga msituni huko Ann Arbor, Michigan, mwaka 1846, kwa sababu walimu wa chuo walivichukia vyama vya siri na vijana wakaona heri wajifiche. Kibanda cha magogo, ndugu zangu. Si mbali sana na vibanda tulivyoanza navyo sisi hapa, isipokuwa wao walikuwa karibu na msitu na hakuna aliyewakataza kukata miti.

Lakini chama ninachotaka mkikumbuke ni kingine. Tarehe 4 Desemba 1906, katika Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York, vijana saba weusi walianzisha Alpha Phi Alpha. Wanafunzi weusi pale walikuwa wachache mno, na wengine waliowatangulia walikuwa wameondoka wasirudi tena masomoni. Vyama vya wazungu havikuwapokea kama wanachama. Baadhi yao waliingia katika nyumba za vyama hivyo kama watumishi tu, wa kuhudumia mezani ili wapate ada. Mimi niliyesimama jikoni mwa nyumba kama hizo nayaelewa maneno haya kuliko mtu aliyeyasoma kitabuni. Hawakuwa na nyumba. Familia za watu weusi mjini ziliwafungulia milango na kuwapa mahali pa kukutania.

Mmoja wa wale saba, Vertner Tandy, alikuja kuwa mtu mweusi wa kwanza kusajiliwa kama msanifu wa majengo katika jimbo la New York. Yeye na mwenzake George Foster ndio waliochora kanisa la St. Philip's huko Harlem, na Tandy ndiye aliyechora jumba la Madam C. J. Walker, yule mama aliyetajirika kwa kuuza dawa za nywele. Kijana aliyekutania sebuleni kwa watu ndiye aliyejenga majumba.

Vyama vingine vya weusi vikafuata, vingi vyao katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Waafrika pia waliingia. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma. Delta Sigma Theta, udugu wa wanawake ulioanzishwa Howard mwaka 1913, ulichangia hospitali ya wazazi huko Thika, Kenya. Na hapa kuna jambo la kuangalia vizuri. Matawi mengi ya vyama hivi vya weusi hayana nyumba chuoni mpaka leo. Ukipita katika barabara yenye majumba makubwa ya vyama, yenye nguzo nyeupe mbele, mengi ni ya vyama vya wazungu, waliotangulia kupata ardhi, urithi na mikopo ya benki. Je, weusi hawakurudisha kitu? Walirudisha sana, lakini kwa njia nyingine: kulipia wanafunzi masomo, kufungua matawi ya watu wazima mijini, kuhimiza watu wajiandikishe kupiga kura.

Nitatoa mfano mmoja. Martin Luther King aliingia Alpha Phi Alpha mwaka 1952, alipokuwa akisoma Boston. Mwaka 1984 chama kikatoa wazo la kumjengea mnara wa ukumbusho katika mji mkuu wa nchi yao. Bunge la Marekani liliridhia mwaka 1996. Mnara ulizinduliwa rasmi tarehe 16 Oktoba 2011, na gharama yake ilikuwa kama dola milioni 120. Hesabuni wenyewe: kutoka wazo mpaka uzinduzi ni miaka 27. Makampuni makubwa yalitoa fedha nyingi, ni kweli, lakini makampuni yasingekuja kama wale ndugu wangechoka mwaka wa tano. Waliokuwa vijana wakati wazo linatolewa walikwenda kwenye uzinduzi wakiwa na mvi.

Sasa nije kwenye nyumba.

Nyumba niliyopikia ilikuwa ya ghorofa tatu, ya matofali, na wanafunzi zaidi ya arobaini. Kila mwaka, majira ya majani kuanguka, kuna Jumamosi moja ya mpira ambapo wanafunzi wa zamani hurudi kutembelea chuo. Siku hiyo sisi wa jikoni tulikuwa tunaanza kazi saa kumi usiku. Wazee wanafika na wake zao na wajukuu. Wanapanda ngazi polepole, wanafungua chumba cha kijana wasiyemjua, wanasema: hapa ndipo kilipokuwa kitanda changu. Kijana anasimama kwa heshima na kuondoa nguo chafu kitini. Ukutani kuna picha za kila mwaka, na mzee anatafuta sura yake kwa kidole. Mmoja, aliyekuwa amevuka miaka themanini, alikuja moja kwa moja jikoni akaniuliza kama mlango wa nyuma bado unakwama wakati wa mvua. Nikamwambia, baba, unakwama. Alicheka sana, kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa zile fedha zinatoka wapi. Sisi tunajua likelemba, au upatu kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Unatoa leo, unangoja zamu yako, zamu inafika unapokea. Hawa likelemba yao imegeuzwa. Zamu yao walikwisha kuipokea kwanza, walipokuwa na miaka kumi na tisa, wakalala katika nyumba iliyojengwa na watu waliozeeka au waliokufa. Sasa wanatoa, na hawangojei kitu, kwa sababu hawatalala tena humo. Hakuna anayewadai kwa daftari, lakini wao wenyewe wanajua walichokula.

Naona hapa ndipo wenzetu wa ng'ambo wanapofanana nao. Walisoma katika madarasa ya maturubai na udongo, wakafundishwa na walimu waliopewa posho ndogo, wengine bila posho kabisa. Walikwisha kupokea zamu yao.

Watu wengi wanadhani kuchangisha kunaanza kwa kuomba. Katika nyumba zile kunaanza kwa orodha. Kuna mtu, mara nyingi mzee aliyestaafu, ambaye kazi yake ni majina: nani alimaliza mwaka gani, yuko wapi, anafanya kazi gani, mke wake anaitwaje, ameugua, amefiwa. Mtu huyu hana cheo kikubwa lakini bila yeye hakuna nyumba. Kuna gazeti dogo linalotumwa mara chache kwa mwaka, na ndani yake habari za vifo na harusi ni nyingi kuliko habari za fedha. Mtu anayepata barua tu siku ya kuombwa mchango, huyo amekwisha kupotea.

Orodha ikishapatikana, halmashauri ya wazee inatuma watu wawili watatu kuzunguka na kuuliza kimya kimya: tukijenga nyumba mpya, utatoa? Kiasi gani? Una shaka gani? Hawatangazi. Wajumbe wa halmashauri wenyewe wanatoa kwanza, maana mjumbe asiyetoa ataombaje? Sehemu kubwa ya fedha ikishaahidiwa ndipo wanapotangaza kwa wote, mara nyingi katika sherehe ya miaka hamsini au mia ya tawi. Watu hawalazimishwi kutoa mara moja. Wanaandika ahadi na kutia sahihi, kisha wanalipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu mpaka mitano. Kazi haianzi mpaka fedha za kutosha ziko mkononi. Zinazopungua hukopwa benki, na mkopo unalipwa kwa kodi ambayo wanafunzi wenyewe wanatoa kila muhula. Hilo la kodi msilisahau. Hata mtoto wa tajiri analipa kulala katika nyumba ya ndugu zake wakubwa, kwa sababu paa linavuja hata kama lilijengwa kwa upendo, na wa kuliziba anataka malipo.

Kuna pia mambo ya kodi ya serikali. Kwa muda mrefu sheria yao imetofautisha kati ya chama cha starehe na mfuko wa elimu. Anayetoa kwa chama hapunguziwi kodi. Anayetoa kwa mfuko wa elimu anapunguziwa, lakini fedha hizo zinakwenda tu mahali pa kusomea, kama maktaba na vyumba vya masomo, siyo mahali pa kuchezea. Ndiyo maana wazee wanakuwa na vyombo viwili na akaunti mbili. Wenzetu walioko kule watalikuta jambo hili, nao itawabidi wamwone mtu anayejua sheria kabla ya kufungua akaunti kwa jina la mtu mmoja.

Kuhusu majina ukutani, nitasema wazi kwamba siipendi desturi ile. Aliyetoa nyingi chumba kinaitwa kwa jina lake, aliyetoa kiasi anawekewa kibao cha shaba kwenye ngazi. Aliyetoa dola kumi kila mwezi kwa miaka kumi na tano humwoni popote. Lakini wazee wa kule wangenicheka. Wangesema kwamba kijana anayetoa kumi leo wanamtunza kwa sababu atatoa elfu kumi akifika miaka sitini, na kibao ndicho kinachomleta. Labda. Sisi tuna njia zetu za kumheshimu mtu bila shaba.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa habari ni nzuri, na ningeweza kukaa chini mkanipigia makofi. Lakini fedha ndiyo sehemu rahisi. Magumu ni mawili: nyumba ni ya nani, na ni nani anayejibu yanapotokea mambo ndani yake.

Kwa kawaida nyumba ya tawi siyo mali ya wanafunzi wanaolala humo. Wazee wanaunda shirika la nyumba, linaloandikishwa kisheria, na hati iko kwa jina la shirika hilo. Wanafunzi ni wapangaji kwa mkataba. Sababu yake ni ya busara: mwanafunzi anakaa miaka mitatu minne akaenda zake, hawezi kubeba deni la miaka ishirini, na kijana wa miaka ishirini akipewa hati anaweza kuiweka rehani kwa jambo la usiku mmoja. Shirika lina mwenyekiti, mtunza hazina, mkutano wa mwaka, na hesabu zinazosomwa mbele ya watu.

Hata hivyo hati peke yake haitoshi. Mwaka 1995 chuo cha Hamilton, jimbo la New York, kiliamua kwamba wanafunzi wake wote walale katika majengo ya chuo na kula huko. Vyama vilikuwa na nyumba zao na hati zao. Hakuna aliyewanyang'anya tofali hata moja. Lakini nyumba ya wanafunzi isiyoruhusiwa kulaza wanafunzi ni nini? Baadhi ya vyama vilikwenda mahakamani, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ilikubali kesi yao isikilizwe, lakini wanafunzi hawakurudi kulala mle. Chuo cha Williams, Massachusetts, kilianza kuviondoa vyama mwaka 1962. Bowdoin, katika jimbo la Maine, kiliamua mwaka 1997 viishe kabla ya mwaka 2000 kwisha, na nyumba zile zikageuzwa kuwa nyumba za wanafunzi wote, wake kwa waume. Wako wazee waliolia. Lakini vitanda bado vina watoto, na mzee anayesema alijenga kwa ajili ya wadogo zake sijui analalamika nini hasa.

Haya ya kupoteza nyumba sisi hatuhitaji kufundishwa na Wamarekani. Wengine wenu mna ndugu waliokuwa kambi ya Lugufu, Tanzania. Ilifungwa mwaka 2009, waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu, na baadaye watoto wa wenyeji wakasoma sekondari pale pale Lugufu. Kambi ya Gihembe, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 1997, ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu udongo ulikuwa unaporomoka, na watu wakapelekwa Mahama. Ardhi tunayokalia ni ya nchi iliyotupokea, na tunaishukuru. Hati hatuna, wala hatutapewa. Kwa hiyo tukipokea fedha za wenzetu ni lazima tuwaambie mapema, kwa maandishi, kwamba nyumba itasimama kwa muda ambao kambi itasimama, na siku ya kufungwa itabaki kwa wenyeji. Anayekubali kutoa kwa masharti hayo atoe. Asiyekubali tusimlaumu, bali tumwonyeshe mlango wa pili, ule wa vyama vya weusi: mfuko wa kulipia minerval na mitihani, ambao unaweza kumfuata mwanafunzi popote atakapohamishiwa. Kule Marekani pia wako waliouza nyumba zao na kuziweka fedha katika mfuko wa masomo. Mimi mwenyewe ningegawa: nusu mfuko, nusu nyumba ya gharama nafuu. Lakini mimi si mjumbe wa Kamati.

La pili, nani anajibu. Hapa nitasema mambo mawili ya huzuni.

Tarehe 12 Mei 1996, siku ya mahafali, moto uliwaka asubuhi katika nyumba ya Phi Gamma Delta huko Chapel Hill, North Carolina. Wanafunzi watano walikufa. Ilikuwa pia siku ya akina mama katika nchi yao. Nyumba ile haikuwa na mabomba ya darini yanayonyunyiza maji yenyewe moto ukitokea. Baada ya msiba ule mji ulipitisha sheria kwamba kila nyumba ya vyama iwekewe mabomba hayo, ukawapa miaka mitano. Tangu hapo wazee wengi wanapochangisha kwa ajili ya nyumba mpya, sehemu kubwa ya fedha inakwenda mahali ambapo hakuna mgeni atakayepasifu: nyaya za umeme, milango ya kutokea, mabomba ndani ya dari. Mchangishaji hafurahii kuomba fedha za nyaya. Hakuna anayetaka jina lake liandikwe kwenye waya. Sisi tunaoishi katika nyumba zilizobanana, tunaopika kwa makaa na kusomea kwa kibatari, hatuna haja ya kuelezwa moto unakwendaje. Bweni la wasichana lenye mlango mmoja na madirisha ya nondo siwezi kulichangia hata faranga moja, na nitawaambia wenzangu wasichangie.

La mwisho lilitokea Februari 2017 katika Chuo Kikuu cha jimbo la Pennsylvania. Nyumba ya Beta Theta Pi pale ilikuwa imekarabatiwa kwa mamilioni ya dola, na aliyezitoa ni mzee mmoja wa chama aliyefanikiwa katika biashara. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa hata na kamera za ulinzi. Usiku mmoja wa kupokea wanachama wapya, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe nyingi kwa haraka, akaanguka kwenye ngazi za kushukia chini, na wenzake wakakaa karibu saa kumi na mbili bila kuita msaada. Alikufa. Kamera zilizonunuliwa kwa fedha za yule mzee ndizo zilizoonyesha yote. Chuo kililifukuza tawi lile moja kwa moja, na mwaka 2018 jimbo likapitisha sheria kali juu ya mateso ya kuwapokea wageni. Wale waliopita vyuoni Lubumbashi wanajua mambo ya kumwita mtu "bleu" na kumchezea. Kule wanaita jina jingine, na vijana wamekufa.

Mzee yule alitoa kwa moyo mweupe, sina shaka. Lakini nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu mzima aliye macho saa tano usiku. Katika nyumba niliyopikia palikuwa na mama wa nyumba, mjane wa makamo, aliyelala chumba cha chini karibu na mlango. Vijana walimwogopa kuliko mkuu wa chuo. Wazee walimlipa mshahara kila mwezi, likizo na zisizo likizo, na nilisikia mara nyingi wakibishana mkutanoni kama fedha hizo ni za lazima. Kila mwaka walibishana, na kila mwaka walimlipa. Naomba Kamati iwaulize wenzetu swali hilo kabla ya kuuliza idadi ya matofali: mama wa bweni atalipwa na nani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano? Je, wazazi watamchagua wenyewe? Msichana akiwa na malalamiko usiku atamwendea nani ambaye si mwalimu wake wala mjumbe wa Kamati? Nasema hivi nikijua kuna baadhi hapa wanaona ninavuka mpaka. Nilikuwa msichana katika kambi hii. Nilitembea njia ile ya kutoka shuleni giza likiingia.

Wajumbe, mkiamua kuendelea, kazi ya kwanza ni ile ya yule mzee wa majina. Nimeleta daftari lenye majina mia moja na kumi na saba ya waliomaliza hapa ambao najua walipo, pamoja na mwaka wao na nchi. Nimemkabidhi katibu. Waliofariki nimewawekea alama, na jamaa zao nimewaandika pia. Kuna kurasa nyingi tupu. Kila mzazi aliye na mtoto ng'ambo, na kila mwalimu anayekumbuka darasa lake, apite ofisini juma hili aandike anachokijua. Walimu waliohamia kambi nyingine nao waandikwe, hata kama hawatatoa kitu. Wale wa miaka ya mwanzo, tuliosomea chini ya mti kabla ya turubai la kwanza, majina yetu ndiyo yanayokosekana zaidi, na katika hao kuna watano ambao nawajua kwa jina la utani tu. Nitakaa mezani pale baada ya chakula. Mwenye kukumbuka aje tusaidiane.